Thabeet na Blair: Somo la bei na thamani kwa mnunuzi wa Segese

KATIKA minada ya mifugo, maghala ya mpunga na mialo ya dhahabu ya Segese, kila siku mtu hununua kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi. Mmoja ananunua maksai kwa kutazama nundu, mwingine ananunua viroba vya mawe kwa maneno ya mwenye duara, na wa tatu ananunua mbegu kwa uzuri wa picha iliyo kwenye pakiti. Wote hawa wanalipia matarajio.

Biashara ya kulipia matarajio haiko Segese peke yake. Huko Marekani ligi ya mpira wa kikapu ya NBA huifanya kila mwaka mbele ya kamera za televisheni, kwa mamilioni ya dola. Na mwaka 2009 Mtanzania alikuwa katikati ya biashara hiyo. Kisa chake, kikiwekwa pembeni ya kisa cha kijana mwingine wa mwaka ule ule, kina somo ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo wa Kahama na Geita anaweza kulitumia wiki hii hii sokoni.

Mtanzania huyo ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3. Mwenzake ni DeJuan Blair, mzaliwa wa mji wa Pittsburgh, mchezaji wa mbele mwenye mwili mpana, lakini mfupi kwa kazi yake: futi 6 na inchi 7 tu. Thabeet alichezea Chuo Kikuu cha Connecticut na Blair alichezea Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Msimu wa 2008/09 vijana hawa waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi yao ya vyuo, iitwayo Big East. Yaani waamuzi walishindwa kusema yupi zaidi.

Februari 16, 2009, siku ambayo Thabeet alitimiza miaka 22, timu zao zilikutana. Connecticut ilikuwa inaongoza orodha ya timu bora za vyuo nchi nzima. Pittsburgh ilishinda 76 kwa 68. Blair alifunga pointi 22 na kudaka ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4.

Miezi minne baadaye ikaja drafti, utaratibu ambao klabu za NBA huchagua vijana wapya kwa zamu. Raundi ni mbili, kila moja ikiwa na nafasi 30. Thabeet alichaguliwa wa 2 na klabu ya Memphis Grizzlies. Blair alisubiri hadi raundi ya pili, akachukuliwa wa 37 na San Antonio Spurs.

Tofauti ya nafasi ndiyo tofauti ya fedha. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hulipwa kwa viwango vilivyopangwa na ligi, na miaka miwili ya mwanzo ina uhakika, acheze asicheze. Thabeet alianza na zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka, sawa na zaidi ya Sh bilioni 5 kwa thamani ya wakati huo. Wa raundi ya pili hana kiwango kilichopangwa. Hupata anachokubaliana na klabu. Blair alianza na chini ya dola milioni 1.

Kwa nini vijana waliogawana tuzo moja waachane kiasi hicho kwa bei? Sababu ni mbili, na zote mbili mnunuzi wa Segese anazijua.

Ya kwanza ni kimo. Futi 7 na inchi 3 hazifundishwi. Klabu zilitazama urefu wa Thabeet na uwezo wake wa kuzuia mipira, wastani wa zaidi ya mipira 4 kwa mchezo msimu wake wa mwisho chuoni, zikaona kwamba mengine yote atafundishwa. Ikumbukwe kwamba alianza mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa, wakati wenzake wa Marekani huanza wangali watoto.

Ya pili ni kasoro. Blair alifanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili akiwa sekondari. Madaktari wa klabu walipompima kabla ya drafti walikuta kano kuu za ndani, zinazolishika goti lisiteleze, hazipo. Kwa daktari yeyote hiyo ni habari mbaya. Klabu moja baada ya nyingine ikampita.

Msimu wa kwanza ukatoa majibu. Blair, asiye na kano magotini, alicheza michezo yote 82. Kwa wastani wa dakika 18 kwa mchezo alipata pointi 7.8 na ribaundi 6.4. Thabeet alicheza michezo 68, wastani wa dakika 13, akapata pointi 3.1 na ribaundi 3.6. Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini akajinoe, na wakati huo hakuna mchezaji wa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kupelekwa huko.

Wapo watakaosema hesabu hiyo si ya haki kwa sababu mmoja alicheza dakika nyingi kuliko mwingine. Hoja hiyo ni ya msingi, na jibu lake ni kugawanya. Mkulima halinganishi gunia 30 za shamba la ekari 3 na gunia 16 za ekari 1 bila kugawa kwa ekari. Ukigawa kwa dakika, Blair anabaki juu: kwa kila dakika 10 alipata ribaundi 3 na nusu, na Thabeet karibu 3; pointi zaidi ya 4, na Thabeet zaidi kidogo ya 2. Thabeet aliongoza katika kuzuia mipira, akizuia mmoja kwa kila dakika 10, na hicho si kiwango cha kudharau. Alikuwa na kazi moja aliyoiweza sana. Bei yake ilikuwa ya mtu anayeweza kazi nne.

Hapa ndipo wengi hukosea wanapomzungumzia Mtanzania huyo. Husema alishindwa. Lakini Thabeet hakujipangia bei. Waliompangia ni wanunuzi. Alitoka Dar es Salaam, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, akacheza michezo 224 katika ligi ambayo vijana wengi mno huishia kuitazama kwenye televisheni, kisha akaendelea na kazi Japani na Taiwan. Aliondoka chuoni mwaka mmoja kabla ya kumaliza, wakati jina lake liko juu. Kwa upande wa muuzaji hiyo ni biashara safi. Mwenye choroko anayeuza siku bei imepanda hana deni kwa mnunuzi eti kwa kuwa bei ilishuka mwezi uliofuata.

Kosa liko upande wa mnunuzi, na linahesabika. Kwanza, alilipia kipimo kinachoonekana kwa urahisi akaacha kinachoonyesha kazi. Urefu hupimwa kwa futi kamba dakika moja. Kusukumana chini ya goli kwa usiku mzima hupimwa kwa kusukumana, na Februari 16 kipimo hicho kilikuwa kimeshafanyika mbele ya macho ya kila mtu.

Pili, alinunua alichokuwa nacho. Memphis ilikuwa na Marc Gasol katika nafasi ile ile, na mwezi uliofuata ikamleta Zach Randolph kucheza pembeni yake. Kijana anayehitaji dakika nyingi ili ajifunze aliwekwa nyuma ya watu wazima wasiotoka uwanjani. Mfanyabiashara anayeongeza mashine ya pili ya kukoboa wakati ya kwanza haipati mpunga wa kutosha hatakuwa na sababu ya kuilaumu mashine.

Tatu, kila shilingi iliyolipia kitu kimoja imekataa kingine. Aliyechaguliwa wa 3 mwaka ule, mara tu baada ya Thabeet, ni James Harden. Wa 7 ni Stephen Curry. Mwenye ekari moja aliyeitia tumbaku yote hana budi kuhesabu pia mahindi ambayo hakupanda.

Kwa upande wa Spurs, lipo la kujifunza pia, nalo si kwamba kitu cha bei ya chini ndicho kizuri. Wachezaji wengi wa raundi ya pili husahaulika kabla ya mwaka kwisha. Spurs walifanya hesabu ya matumizi. Hawakuhitaji magoti ya miaka 15. Mkataba wao ulikuwa wa miaka minne. Na hasara, kama ingekuja, ilikuwa ndogo kiasi cha kubebeka. Blair alimaliza miaka yake minne pale hadi 2013, na akaendelea kucheza NBA hadi msimu wa 2015/16.

Huo ndio ujanja wa mnunuzi wa mpunga mbichi. Mwenye turubai na uwanja wa kuanikia anaweza kuununua kwa bei ya chini akapata faida, kwa kuwa kasoro ile kwake ni kazi ya siku chache za jua. Asiye na turubai akiununua kwa tamaa ya bei, utamwozea stoo. Kasoro ni ile ile. Kinachotofautiana ni mnunuzi. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kitu chenye dosari ni hili: je, dosari hii inagusa kazi ninayokinunulia, na je, itajitokeza kabla sijamaliza kukitumia?

Tukirudi Segese, vipimo vya kazi vipo na vingi havina gharama. Maksai wa kulimia afungwe jembe hapo hapo mnadani atembee hatua kadhaa. Nundu haivuti jembe. Mbegu yenye lebo ya TOSCI ni mwanzo mzuri, na bado mkulima anaweza kuhesabu punje 100, akazifunga katika kitambaa kibichi, na baada ya siku saba akahesabu zilizoota. Zikiota 60, anajua anachonunua. Viroba vya mawe vichukuliwe kidogo kidogo kutoka kila kiroba, juu na chini, yatwangwe na kuoshwa kwenye karai kabla fedha haijatoka mfukoni. Mwenye duara anayekataa mawe yake yasipimwe ameshatoa jibu.

Faida ya kupima imeonekana katika dhahabu yenyewe. Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, likiwemo la Geita, mchimbaji mdogo anaweza kupeleka dhahabu yake ikapimwa uzito na usafi mbele yake, badala ya kukubali neno la mnunuzi aliyeitazama kwa jicho. Kama kipimo kinamlinda anayeuza, hakuna sababu kisimlinde anayenunua.

Lipo jambo la mwisho, nalo ndilo gumu kuliko yote: kuachia. Februari 2011, baada ya msimu mmoja na nusu, Memphis ilimtoa Thabeet kwenda Houston, ikaongeza na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza, ili impate mkongwe Shane Battier. Ilikuwa sawa na kukiri hadharani kwamba chaguo la 2 limekula hasara. Lakini miezi michache baadaye, katika mtoano wa 2011, Memphis iliyoingia ikiwa ya 8 upande wa magharibi iliitoa San Antonio iliyokuwa ya 1, kwa michezo 4 kwa 2, na Battier ndiye aliyefunga mpira wa ushindi mchezo wa kwanza. San Antonio hiyo ndiyo klabu ya Blair, iliyoshinda hesabu ya mwaka 2009.

Wangapi katika ukanda huu wa dhahabu wamechimba duara lisilotoa kitu kwa mwaka wa pili, wakauza ng'ombe, kisha shamba, kwa sababu tu tayari wameshatia fedha nyingi humo? Fedha iliyokwisha kuingia shimoni haitoki kwa kuongezewa nyingine. Swali la haki ni kama mtu angelinunua duara hilo leo, kwa anayoyajua leo. Jibu likiwa hapana, familia yake ina haki ya kubakiziwa ng'ombe waliosalia.

Bei husema kile ambacho watu wanakitumaini. Thamani huonekana kitu kinapofanya kazi. Msimu wa kununua pembejeo na wanyama wa kulimia unapokaribia, mkulima wa Segese hana kamera wala madaktari wa NBA, lakini ana kitambaa kibichi, karai na jembe. Waliokuwa na kila kifaa walikosea kwa mamilioni ya dola kwa sababu walikiona kimo wakaridhika. Yeye hana cha kupoteza kiasi hicho, na ndiyo maana apime kwanza.