Mkono Safi Huanza na Moyo Ulioridhika

Wengi wetu tukisikia habari za usafi wa Kikristo hufikiri mara moja juu ya ulevi na uzinzi. Mambo hayo yamo, wala hapana asemaye kwamba hayamo. Lakini uko usafi mwingine usiohubiriwa sana, nao ni ule wa mezani kwa karani na wa mizanini kwa mkulima. Usafi huo haupotei kwa siku moja. Hupotea polepole, tangu siku ile moyo unapoanza kunong'ona kwamba nilicho nacho hakinitoshi.

Na tutazame habari za Yohana Mbatizaji katika Injili ya Luka, mlango wa 3. Watu walipomwendea kumwuliza yawapasayo kutenda, watoza ushuru walikuwamo, na askari pia. Ajabu ni kwamba Yohana hakuwaambia waache kazi zao wakakae naye jangwani. Watoza ushuru aliwaamuru wasitoze kupita kiwango walichowekewa. Askari aliwakataza kudhulumu watu na kuwasingizia, kisha akaongeza kwamba waridhike na mshahara wao. Kwa nini aliutaja mshahara? Kwa sababu alijua mahali dhuluma inapozaliwa. Mtu asiyeridhika na mshahara wake huenda kutafuta mwingine katika mfuko wa raia.

Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, ni shahidi wa jambo hilo. Naamani wa Shamu alipoponywa ukoma, Elisha alikataa zawadi zake. Gehazi akaona hiyo ni hasara. Akamkimbilia mgeni yule njiani, akabuni habari za vijana wawili waliomfikia bwana wake wakiwa na haja, akapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Angalieni jinsi kosa moja lilivyoita jingine: alianza kwa kutamani, akasema uongo, akaficha mali nyumbani, na alipoulizwa alikotoka akasema uongo wa pili. Mwisho wake alipata fedha ya Naamani pamoja na ukoma wake. Wazee walisema, tamaa mbele, mauti nyuma.

Sasa na tujitazame wenyewe. Karani anayeilaza barua ya mjane chini ya faili mpaka apewe chai, na mkulima anayetia maji katika maziwa kabla ya kuyapeleka kituoni, watofautianaje na Gehazi? Maji katika maziwa huweza kugunduliwa kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea. Barua iliyofichwa haina kipimo ila dhamiri ya yule aliyeificha, na kwa hiyo sisi wa ofisini yatupasa kujichunguza zaidi.

Hata hivyo, kuridhika si uvivu, wala si kunyamaza mbele ya dhuluma. Mtume Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni kwamba alikuwa amejifunza kuwa radhi katika kila hali, ndiye yule aliyeshona mahema kule Korintho apate riziki yake. Aombaye nyongeza ya mshahara kwa njia ya halali hatendi dhambi, wala alimaye shamba lake kwa bidii zaidi apate karo ya watoto. Tena Paulo alisema kwamba alijifunza. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Basi nasi twaweza kujifunza.

Tunao mfano wa karibu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliovuma Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulifika Kenya mwaka 1937. Watu walioguswa nao waliungama hadharani, na wengi wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Jirani anayerudishiwa jembe lake lililopotea hahitaji mahubiri marefu ili ajue kwamba aliyelileta amebadilika.

Basi, ndugu msomaji, mwisho wa mwezi huu, kabla ya kuhesabu ulivyokosa, hesabu ulivyo navyo, na kila kimoja ukiulize kimetoka wapi. Ukikuta kimoja kisicho chako, mwenyewe yuko, na njia ya kwenda kwake unaijua. Kirudishe kabla ya mwezi mwingine kuandama.