Barabarani chipsi, nyumbani ulezi: Mkulima wa Kerende anapitwa na soko

MSAFIRI anayetoka Mwanza kwenda Sirari kupitia Bunda na Tarime hupita katika eneo lenye vyakula vya kila aina. Kuna muhogo, mtama na ulezi, kuna samaki wa Ziwa Victoria, na katika milima ya Tarime kuna ndizi na maziwa. Hata hivyo, basi likisimama, anachokikuta mezani mara nyingi ni chipsi mayai, au wali wa mchele uliosafirishwa kutoka mikoa mingine. Ugali wa ulezi, mgagani uliopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando na kichuri hubaki majumbani.

Hili si suala la ladha tu. Kila sahani inayouzwa barabarani ni soko la mkulima fulani. Swali ni je, mkulima huyo ni wa Kerende, au ni wa mbali?

Kerende ipo eneo la Nyamongo, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Mgodi umeleta wafanyakazi, madereva na wafanyabiashara ambao kila siku wanahitaji kula. Tena, barabara ya kutoka Tarime kupitia Nyamongo hadi Mugumu, wilayani Serengeti, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu. Lami huongeza magari, na magari huleta watu wenye njaa. Lakini lami hiyo hiyo hurahisisha pia kuingia kwa mchele na unga wa sembe kutoka nje. Asiyejiandaa ataishia kuhesabu magari yanayopita.

Kwa nini mama lishe hapiki ulezi? Sababu ya kwanza ni bei. Kwa kawaida unga wa ulezi ni ghali kuliko wa mahindi, na anayenunua kilo moja moja dukani hawezi kupata faida kwa sahani ya bei ya kawaida.

Sababu ya pili ni mchanga. Ulezi unaopurwa juu ya ardhi tupu huchanganyika na mchanga na vijiwe. Mteja akitafuna mchanga mara moja, harudi. Dawa yake si ngumu: kupura na kuanika juu ya turubai, kupeta vizuri, na kuosha nafaka kabla ya kusaga. Muhogo unaokaushwa kwa ajili ya kuchanganywa na ulezi nao usianikwe kando ya barabara yenye vumbi.

Sababu ya tatu ni muda. Abiria hupewa dakika chache, na mahali pa kusimama huchagua dereva, si abiria. Inajulikana kuwa baadhi ya hoteli huwalisha dereva na kondakta bure ili basi lisimame kwao. Mama lishe mmoja mmoja hawezi kushindana na utaratibu huo, lakini kikundi kinaweza. Pia anaweza kuanza na wateja wasiotegemea basi: madereva wa malori, bodaboda, wafanyakazi wa mgodini na watumishi wa serikali.

Mkulima naye ana nguvu asiyoitumia. Ulezi uliokauka vizuri hukaa ghalani muda mrefu bila kuliwa na wadudu, tofauti na mahindi. Kwa hiyo kikundi cha wakulima kinaweza kuweka akiba wakati wa mavuno na kumuuzia mama lishe kidogo kidogo, kwa bei waliyokubaliana, mwaka mzima. Maziwa yanayokosa mnunuzi asubuhi yakigandishwa katika chombo safi huuzika baadaye.

Mitaji ipo, ingawa haitoshi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haina riba, bali kwa kawaida inataka kikundi kilichosajiliwa. Kwa upande wa mgodi, kanuni za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za madini kutoa kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Jikoni ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini jiko kubwa hutaka usafi, kipimo sahihi na mzigo unaofika kwa wakati.

Mfano hauko mbali. Nchini Kenya, mboga za kienyeji zilizodharauliwa kama chakula cha maskini, zikiwemo mgagani na mnavu, ziliingia katika hoteli na maduka makubwa ya Nairobi baada ya wakulima kuunganishwa na wanunuzi. Umoja wa Mataifa nao uliutangaza mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa nafaka za jamii ya ulezi na mtama.

Kazi iliyobaki Kerende ni ndogo lakini ya lazima: ubao unaosema leo kuna nini, bei iandikwe wazi, nyama iwe imepimwa na afisa mifugo, maji ya kunawa yawepo, na chakula kile kile kipatikane Jumatatu hadi Jumapili. Msafiri aliyekula vizuri humwambia mwenzake. Aliyeambiwa "leo hakuna" mara mbili huagiza chipsi.