Kipindi Kipo, Mwalimu Hayupo: Sanaa, Michezo na Lugha katika Shule za Kimana

Tangu mwaka 2012, vijana wa Kimaasai kutoka manyatta za eneo la Amboseli wamekuwa wakikutana katika hifadhi ya Kimana kushindania medali badala ya kuwinda simba. Hukimbia mita 200, 800 na 5,000, hutupa mkuki na rungu, na huruka wima mpaka kichwa kiguse kamba iliyoning'inizwa juu yao. Wasichana nao wana mbio zao. Mlezi wa mashindano hayo, yaliyoanzishwa na shirika la Big Life pamoja na wazee wa jamii, ni David Rudisha, Mmaasai aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka huohuo kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba sehemu hii ya Kajiado Kusini haina vipaji, au kwamba wazazi wake hawajui thamani ya mwili uliofunzwa. Swali ni jingine: mtoto wa Gredi ya 4 katika shule ya msingi ya umma pale Kimana, ambaye ratiba inaonyesha kuwa ana vipindi vya sanaa na michezo kila wiki, anafundishwa na nani? Msimamo wa makala haya ni kwamba sanaa, michezo na lugha ya kiasili zinahitaji mwalimu anayezijua, sawa na hisabati. Na kwa shule zisizo na fedha, mwalimu huyo anaweza kupatikana iwapo shule kadhaa zitagawana mmoja.

Tuanze na kile ambacho serikali yenyewe imeahidi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa Januari 2019, sifa yake kubwa ilikuwa kwamba utakuza kila kipaji. Jopo la Rais la mageuzi ya elimu, lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lilipokabidhi ripoti mwaka 2023, lilipendekeza idadi ya masomo ipunguzwe, na muziki, uchoraji, kazi za mikono na elimu ya viungo vikaunganishwa kuwa somo la sanaa bunifu. Leo somo hilo lina vipindi 6 kati ya 35 vya wiki katika Gredi ya 4 hadi ya 6, vingi kuliko vya hisabati au Kiingereza, ambavyo ni vitano vitano. Katika Gredi ya 1 hadi ya 3, lugha ya kiasili ina vipindi viwili. Kwenye karatasi, basi, nchi imeamua. Lakini uamuzi wa namna hii uliwahi kufanywa na ukaanguka. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 nao ulibeba muziki, sanaa na ufundi hadi kwenye KCPE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Baadaye masomo hayo yaliondolewa mtihanini, na yalipoondoka huko yakatoweka darasani pia. Vipindi vyake vikawa vya marudio ya hisabati na Kiingereza, huku ratiba ukutani ikibaki vilevile. Mkaguzi akija, kila kitu kiko sawa. Aliyepunjwa ni mtoto.

Sababu ya kupunjwa huko si uvivu wa walimu, na ni vizuri kulitamka hilo waziwazi. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kenya hufunzwa kufundisha karibu kila somo, na ni vigumu abobee katika yote. Chukua mfano mmoja mdogo. Mtaala unamtaka mwanafunzi wa shule ya msingi ajifunze kupiga filimbi ya rekoda. Ili sauti ya kwanza itoke, kidole gumba cha mkono wa kushoto hufunika tundu la nyuma na kidole cha shahada hufunika tundu la juu. Kidole cha pili kikiongezwa sauti hushuka, na cha tatu kikiongezwa hushuka tena. Tundu likiachwa wazi kidogo tu, au mtoto akipuliza kwa nguvu, filimbi hupiga kelele kali badala ya sauti. Anayeijua kazi hii hulitambua kosa kwa sikio kabla hajatazama mkono, na huliondoa kwa sentensi moja. Asiyeijua huandika majina ya sauti ubaoni, watoto wakanakili, somo likaisha. Kwenye michezo ni vivyo hivyo: kuwaachia watoto mpira uwanjani kwa dakika 35 ni mapumziko mema, ila si somo la viungo, kwa sababu wale kumi wenye kasi watacheza na waliobaki watasimama pembeni. Na katika lugha tatizo ni zito zaidi. Tume ya Kuajiri Walimu (TSC) hupeleka walimu kote nchini, hivyo mwalimu hodari kutoka kaunti nyingine anaweza kujikuta akitakiwa kufundisha Kimaasai asichokielewa watoto wanaokizungumza tangu kuzaliwa.

Pengo hili halimwumizi kila mtu kwa kiwango kimoja, na ndiyo maana ni suala la umma. Kaunti ya Kajiado ina sura mbili. Upande wa kaskazini kuna Kitengela, mji uliohesabiwa kuwa na watu 154,436 katika sensa ya 2019. Wapo huko wazazi wanaoweza kulipia shule ya kibinafsi yenye kocha wa kuogelea, mwalimu wa piano na mwalimu wa Kifaransa. Upande wa kusini kuna Kimana, mji wa soko la nyanya na vitunguu, ambako shule ya umma hutegemea ruzuku ya shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Zamani tofauti hiyo ingeonekana kama starehe ya wenye nacho. Sasa inaamua njia ya maisha. Kuanzia Januari 2026, mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 huchagua mojawapo ya mikondo mitatu, na mmoja wake ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Alama zinazomfikisha hapo huanza kukusanywa mapema, kwa maana tathmini ya Gredi ya 6 inachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho wa sekondari msingi. Mtoto ambaye hajawahi kufundishwa muziki na anayeujua muziki, wala hajapimwa mbio kwa saa, anaambiwa achague mkondo kana kwamba alianza safari sawa na mwenzake wa shule ya kibinafsi. Hilo si chaguo. Ni kuhalalisha pengo lililokuwapo tayari.

Je, kuna ushahidi kwamba mtaalamu anayeletwa shuleni hubadilisha chochote? Upo, na ulio thabiti zaidi unatoka katika jiji la Houston, Marekani. Watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida walifuatilia shule 42 zenye wanafunzi zaidi ya 10,000, baadhi zikichaguliwa kwa bahati nasibu kupelekewa wasanii na mafunzo ya sanaa zaidi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2019 yalionyesha kuwa katika shule zilizopelekewa wasanii, makosa ya kinidhamu yalipungua, alama za uandishi zilipanda, na wanafunzi walionyesha zaidi kuwajali wenzao. Faida hizo si miujiza, wala Houston si Kimana. Lakini zinaondoa hofu kubwa ya walimu wakuu wetu, kwamba saa inayotolewa kwa sanaa ni saa iliyoibwa kutoka kwa masomo ya mtihani. Pale ambapo jambo lilipimwa kwa uangalifu, sanaa haikuangusha kusoma wala kuandika.

Jiji hilohilo linatupa pia hoja nzito ya upande wa pili, na haifai kuifumbia macho. Mwanauchumi Roland Fryer alijaribu katika shule za msingi za Houston kuwafanya walimu wabobee, kila mmoja afundishe somo analoliweza zaidi, wanafunzi wakibadilishiwa walimu mchana kutwa. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba alama zilishuka. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba mwalimu aliyegawanywa miongoni mwa watoto wengi hamjui yeyote vizuri. Kila mzazi wa Kajiado anaielewa hoja hii. Mwalimu wa darasa ndiye anayejua ni mtoto gani amekuja bila kula, na ni binti yupi ameanza kukosa shule na huenda yumo hatarini kuozwa. Anayetaka kuvunja uhusiano huo kwa jina la utaalamu anaharibu jambo lenye thamani. Lakini jaribio la Fryer liligusa masomo makuu, kama hisabati na kusoma. Halikuhusu kumwongezea mwalimu wa darasa mwenzake wa muziki mara moja kwa wiki. Funzo lake kwetu ni mpaka: hisabati, Kiingereza na Kiswahili vibaki mikononi mwa mwalimu wa darasa, na mtaalamu aje kwa yale tu ambayo mwalimu huyo hawezi kuyatoa, mwalimu wa darasa mwenyewe akiwa ameketi humo akijifunza.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la upungufu. Shule isiyo na walimu wa kutosha wa hisabati itawezaje kuomba mwalimu wa ngoma? Hapa hesabu inasaidia kuliko hisia. Tuseme mtaalamu wa sanaa na muziki anachukua vipindi viwili tu kati ya sita vya kila darasa, Gredi ya 4, ya 5 na ya 6. Katika shule yenye darasa moja kwa kila gredi hivyo ni vipindi sita, yaani kazi ya siku moja. Siku tano za wiki zinatosha shule tano. Mtaalamu wa michezo akipangwa vivyo hivyo naye atafikia shule tano, na vipindi viwili vilivyosalia vitabaki kwa mwalimu wa darasa kwa mazoezi. Lugha ya kiasili, vipindi viwili kwa Gredi ya 1 hadi ya 3, ni vipindi sita vilevile. Kwa jumla, walimu watatu wanahudumia shule tano. Shule zenye madarasa mawili kwa kila gredi zitahitaji zaidi, na lugha ya siku moja kwa wiki inahitaji mwalimu wa darasa asomeshe hadithi siku nyingine. Hata hivyo, hiki ni kiwango ambacho hakiporomoshi bajeti yoyote. 

Wapo watakaosema kwamba jamii ya Kimaasai haihitaji shule kuifundisha kuruka, kuimba wala kutunga shanga. Ni kweli kwamba akina mama wa Kimana wanaijua hesabu ya rangi na ulinganifu wa shanga kuliko kitabu chochote cha kiada. Lakini mji huu una Wakamba, Wakikuyu na wengine waliofuata maji ya kumwagilia mashamba, na watoto wao huketi dawati moja na Wamaasai. Zaidi ya hayo, ujuzi wa nyumbani haumpi mtoto alama inayotambuliwa wala haumfungulii mlango wa mkondo wa sanaa, mpaka mwalimu aupokee, aupange kwa hatua na kuutathmini. Mama fundi wa shanga aalikwe shuleni, kama mtaala unavyoruhusu, alipwe kwa siku yake, na mwalimu aliyesajiliwa asimamie kipindi. Wala tusidhani mtaalamu lazima awe na shahada ya somo husika. Colm O'Connell alifika St Patrick's, Iten, mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia asiyekuwa na mafunzo ya riadha, na baadaye ndiye aliyemnoa Rudisha. Alichokuwa nacho ni wajibu ulio wazi, muda wa kuufanya, na miaka ya kujifunza kazi moja. Kajiado haikosi walimu wa namna hiyo. Kinachokosekana ni mpango wa kuwatambua na kuwapunguzia vipindi vingine ili wafanye wanachokiweza.

Inabaki swali la nani atoe nini. Ajira ya walimu ni ya TSC, na elimu ya msingi ni jukumu la serikali ya kitaifa, kwa hiyo kaunti haiwezi kuajiri mwalimu wa shule ya msingi hata ikitaka. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli na vifaa vya michezo na utamaduni, na Ibara ya 7 inaitaka dola kukuza lugha za kiasili. Basi mgawanyo ni rahisi: TSC iteue kutoka kwa walimu iliyonao watatu kwa kila kundi la shule tano, iwaandike rasmi kuwa walimu wa mzunguko na iwalipe nauli. Serikali ya Kaunti ya Kajiado inunue mipira, filimbi, saa za kupimia mbio na shanga, na iwalipe mafundi walioalikwa. Wazazi wasitozwe hata shilingi, kwa kuwa mpango ukigeuka wa kulipiwa utarudi kuwa wa wale waliokuwa nao tangu mwanzo.

Kundi la kwanza la shule tano lianzie Kimana, lifuatiliwe kwa miaka miwili, na mahudhurio, usomaji na matokeo ya Gredi ya 6 yalinganishwe na ya shule jirani. Yakishuka, mpango usimamishwe bila aibu. Yakisimama au yakipanda, upelekwe Loitokitok, Namanga na Kitengela. Wakati huo bodi za shule na wazazi wana kazi moja wasiyohitaji kusubiri amri kuifanya: kwenye mkutano ujao wa shule, waiombe ratiba ya Gredi ya 5, waelekeze kidole kwenye vile vipindi sita vya sanaa bunifu, na waulize katika kila kimoja kulifundishwa nini wiki iliyopita, na nani.