Sanamu za Msimu Zilinde Bustani ya Wananchi

Wilaya ya Wanging'ombe ilizaliwa mwaka 2012, mwaka ule ule ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe. Makao makuu yake, Igwachanya, ni mji mchanga, na mji mchanga unayo neema ambayo miji mikongwe imekwisha kuipoteza: nafasi ya kupanga kabla ya kujenga. Twaamini kwamba katika mipango hiyo bustani ya wananchi haina budi kupewa mahali pake. Twaamini vile vile kwamba bustani hiyo ipambwe kwa sanamu za msimu, zitakazosimama kwa miezi michache na kisha kuondolewa.

Viwanja vya wazi katika miji yetu huliwa kidogo kidogo. Huanza kibanda kimoja, kikafuata cha pili, na mwisho hutokea mtu mwenye karatasi mkononi akidai kuwa pale ni pake. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 ipo, lakini sheria peke yake haikeshi uwanjani. Uwanja usioonekana kuwa na kazi huhesabiwa kuwa hauna mwenyewe. Bali uwanja ambao watu huujia kila mwaka kutazama kazi za mikono ya ndugu zao una maelfu ya wenyewe, na si rahisi kuumega usiku.

Kwa nini basi sanamu zisiwe za kudumu? Sanamu ya kudumu ni ghali, na ikikosewa huendelea kukosea. Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya gavana wao Wissmann. Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Waingereza nao wakasimamisha yao, ile ya Askari, mwaka 1927. Hakuna mwananchi aliyeulizwa katika hayo yote. Hata katika zama zetu, sanamu ya Mwalimu Nyerere ilipozinduliwa mjini Addis Ababa mwezi Februari 2024, Watanzania wengi walibishana kama sura ile ni yake kweli. Sanamu ya msimu huwapa wananchi fursa ya kutazama, kusifu na hata kukataa, kabla fedha ya umma haijamiminwa katika zege.

Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo la kigeni. Si kweli. Katika baadhi ya jando na unyago wa Bara, sanamu za udongo zilifinyangwa kwa ajili ya mafunzo, na mafunzo yalipokwisha zikavunjwa. Wasomaji wetu wa Visiwani wanaujua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambako kibanda cha makuti hujengwa ili kichomwe moto. Kibanda huteketea, lakini mila yenyewe imedumu. Majirani zetu wa Kampala nao mwaka 2012 waliweka makontena katika sehemu mbalimbali za mji na kuwakabidhi wasanii wayageuze kuwa kazi za sanaa za muda. Watu waliokuwa wakienda sokoni na kazini wakakutana na sanaa njiani.

Njombe haina upungufu wa vifaa. Ni mkoa wa misitu ya kupandwa, wenye mabaki ya mbao katika viwanda vyake, na wenye mianzi ya ulanzi. Ng'ambo ya milima, kando ya Ziwa Nyasa, wako wafinyanzi wa Kikisi ambao vyungu vyao vyajulikana mbali. Makambako ni njia panda ya reli ya TAZARA, barabara kuu ya Zambia na barabara ya Songea. Kuleta kazi kutoka mbali si tabu. Kiangazi chafaa: kazi zisimame baada ya mavuno na ziondolewe kabla ya masika kuanza.

Hoja nzito ni ile ya fedha. Zahanati inapokosa dawa, je, ni haki kulipia mianzi iliyosukwa? Twajibu kwamba hatuombi hata shilingi moja ya dawa. Twaomba kiwanja, ulinzi wake, na ujira wa haki kwa mafundi wachache. Kazi zikiondolewa ziuzwe kwa mnada au zipewe shule. Vikundi vya vijana na wanawake vinavyostahili mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri vihesabiwe hata vikiwa vya wachongaji na wasusi.

Ndugu zetu wa Visiwani huenda wakawa na hoja nyingine, ya imani, kuhusu sanamu za viumbe. Hoja hiyo yastahili heshima, nako Wanging'ombe wako Waislamu kama walivyo Wakristo. Lakini sanamu si lazima iwe na uso. Mafundi wa milango ya Unguja wamethibitisha kwa karne nyingi kwamba ua, mnyororo na wimbi vyatosha kuupa mti usemi. Mafundi hao wakialikwa nyanda za juu wakae msimu mmoja na wachongaji wa huko, Muungano utakuwa umepata kazi ya mikono na si hotuba tu.

Kwa hiyo twatoa wito kwa viongozi wa Wilaya na Mkoa. Kwanza, kiwanja cha bustani kipimwe na mipaka yake ijulikane kwa kila mwananchi. Pili, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, liombwe kusaidia kuchagua kazi kwa haki. Tatu, tarehe ya kuondoa kila kazi itangazwe siku inaposimamishwa, na ifuatwe. Viwanja vikishagawanywa, hakuna mchongaji atakayeweza kuturudishia ardhi.