Moto ya kelele inaiba usingizi yetu

Wandugu wa kazi, siye tunagombana na wakubwa juu ya vizibo vya masikio, sababu kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku inaharibu sikio. Ni haki. Lakini kule kwetu, kijana wetu anapeleka moto kwa sudere, wanatoboa silansie na kutosha vyuma vya ndani vyenye kupunguza sauti. Saa nne ya asubuhi anapita mbele ya nyumba. Ule baba mwenye kutoka posti ya usiku, atalala saa ngapi? Na leo usiku anarudia chini, macho mazito, karibu na mashini.

Banasema moto inapata nguvu. Nguvu gani, ku moto ya 125? Ukifungua eshapema bila kubadilisha jikleri, hewa inashinda esanse, moteri inachemka. Mimi mwenyewe nilifanya ivyo zamani, supapu ikaungua. Makuta ya kutengeneza ilitoka paka ku mshahara, bibi alinuna mwezi muzima.

Siku ya Mungu nitaenda kwa sudere wa mtaa wetu. Mwenye kuwa na kijana ku moto, akuje naye.