Mtoto Si Ng'ombe wa Mahari

Katika Mhunze na vijiji vyake, ndoa ivunjikapo, wazee huuliza kwanza: je, ng'ombe wa mahari walitolewa? Kwa desturi ya Wasukuma, kama walitolewa, watoto ni wa baba. Kama hawakutolewa, ni wa ukoo wa mama. Desturi hiyo ina heshima yake, maana humpa kila mtoto ukoo. Lakini ukoo ni jambo moja, na malezi ni jambo jingine.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humtaka hakimu atazame kwanza manufaa ya mtoto, ndipo asikilize matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kujieleza, na desturi za watu wao. Mtoto aliye chini ya miaka 7 hukaa na mama, isipokuwa ikithibitishwa kuwa haimfai. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo humpa haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa pili, mradi masomo yake yasiharibike.

Basi baba aliyekwenda machimboni Geita asidhani kuwa ng'ombe aliotoa wamekwisha kumlipia mtoto chakula na madaftari. Wala mama asimfiche mtoto kwa kulipiza kisasi. Waketi mbele ya wazee, wapatane: siku za shule mtoto akae wapi, likizo aende kwa nani, na nani atoe nini. Mume na mke huweza kuachana, mtoto haachwi.