Bustani ya katikati ya mji: mutuulize mbele ya kumwaga simenti

Ndugu na dada wa Lubumbashi,

Mumeona mabati. Wiki mbili sasa ile bustani ndogo ya katikati ya mji imezungushiwa, na ku mlango kuko mtu wa kufukuza watu. Ukiuliza, unajibiwa: tunaipendezesha. Muzuri. Nani alichora plani? Bei ngapi? Nani alipewa kazi? Hapo njo kimya inaanza.

Hatukatae bustani itengenezwe. Ilikuwa chafu, kila mtu anajua: viti vimevunjika, mfereji umeziba, mvua ya Desemba ikinyesha maji mekundu yanafika mpaka barabarani. Tunakataa mtu mmoja akae mu ofisi yenye klimatizeri na kuamua peke yake nani ana haki ya kukaa chini ya mjakaranda.

Mji huu unajua ile tabia. Mu 1910 Wabelgiji walichora barabara za Élisabethville kwa rula. Wakaweka Wazungu upande mmoja, na baadaye weusi Kamalondo, na katikati nafasi tupu kusudi wasikaribiane. Walisema ni kwa ajili ya afya. Afya ya nani? Hakuna babu yetu aliulizwa. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado plani inatufikia ikiwa imeshakuwa simenti.

Angalieni wenye kutumia ile bustani. Asubuhi, mama wa mikate na wauza yuniti chini ya miavuli. Mchana, wafanyakazi wenye hawana feza ya restora. Jioni, wanafunzi wanasoma chini ya taa ya barabara sababu kwao kuko delestaji. Jumamosi, maharusi na wapiga picha. Usiku, watoto wa mitaani, na hatusemi kila kitu kiko sawa: wasichana wengi wanatuambia giza ikiingia hawapite pale. Basi muweke taa, mukate kichaka, mujenge choo. Ukuta hautamlinda yule msichana, utamfichia tu mwizi. Kuuliza hawa watu wote ni kazi ya siku chache na daftari moja.

Wengine wanasema raia hajue mambo ya plani. Ku Sud-Kivu, karibu na 2011, komini ziliita wakaaji wachague kazi gani ifanywe na sehemu ya bajeti yao. Hata SMS zilitumika kuwaalika na kupiga kura. Telefone ya kawaida ilitosha.

Tuko na woga ingine. Kwetu, bustani yenye mabati inaweza kuamka asubuhi moja ikiwa parsele ya mtu. Sheria ya ardhi ya 1973, artikle 10, inasema mali ya Serkali yenye kutumikia watu wote haiuzwe, mpaka kwanza iondolewe mu utumishi ule kwa njia ya sheria. Kama kuko karatasi ya kuiondoa, waonyeshe. Kama hakuna, waseme wazi haiuzwe.

Tunadai plani ibandikwe ku mabati yenyewe, kwa Kiswahili na Kifaransa, na bei na jina la mjengaji. Mkutano ufanyike mu bustani, siyo mu hoteli, na ufanyike jioni watu wakitoka kazini. Mti hata mmoja usikatwe mbele ya ule mkutano. Na wamama wenye kuuza wapewe nafasi mu plani. Leo wanafukuzwa, kesho wanarudi kwa kulipa rushwa, tunaijua ile mchezo.

Katiba, artikle 27, inaturuhusu kuandika petisyo. Mkubwa analazimika kujibu mu miezi tatu, na hakuna mtu wa kushtakiwa sababu alitia saini. Daftari ziko Kenya, Katuba, Kamalondo, Kampemba, Ruashi na ku kampasi. Leta jina na avenyu yako, njoo na mama yako pia. Jumatatu tunazipeleka kwa miguu, na tutaomba muhuri wa tarehe ku kopi yetu. Tangu ile tarehe tunaanza kuhesabu.